Waachie vigogo magogo, wewe okota vipande!

Kama umeamka salama na mfukoni una nauli ya kukufikisha unakokwenda, mshukuru Mungu, wapo ambao hata hiyo hawana. Wiki hii sina habari za nani kamwacha nani. Nataka tuongee juu ya kile kitu ulichokibana kwenye mfuko wa shati, kile unachoazima kwa karani halafu "unasahau" kukirudisha. Peni!

Usicheke bwana. Vijana wa mjini tunajua kupiga pamba. Shati limenyooka, kiatu kinang'aa mpaka unajiona sura, marashi ndiyo usiseme. Ukiambiwa weka sahihi hapa, unachomoa peni ya plastiki iliyotafunwa mfuniko, imevuja, na kidole kimekuwa cha bluu kama umetoka kupiga kura. Kuna bwana harusi anavaa suti ya laki kadhaa halafu anasaini cheti cha ndoa kwa peni ya kuazima. Hebu niambie, hiyo picha utamwonyesha mjukuu wako?

Sasa ipo kalamu nyingine kabisa. Ya mbao, imekerezwa mviringo ikawa laini kama kokoto la mtoni, na katikati ya tumbo lake lina fundo. Si fundo la kufunga kwa kamba. Ni mistari myembamba ya mti mweusi iliyozama ndani ya mti mwekundu. Ukiizungusha kalamu, mstari huu unapita juu ya ule, unapotelea chini, unaibukia upande wa pili, mwanzo huuoni wala mwisho. Mtu akiishika mara ya kwanza hukwaruza kwa ukucha akidhani ni rangi. Haibanduki, kwa sababu fundo hilo limeingia mpaka ndani ya mti.

Na mimi nasema hivi: kalamu hiyo inaweza kutengenezwa Urambo, tena kwa vipande vya mbao ambavyo leo vinaishia chini ya sufuria la maharage.

Kwa wale walioishia Chalinze, Urambo ipo magharibi ya Tabora, kilometa kama 90 hivi, kwenye reli ya kwenda Kigoma. Ni nchi ya Mtemi Mirambo, yule aliyewatoa jasho Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871 mpaka njia ya misafara ikafunga. Mirambo alifariki mwaka 1884, na jina la mji ni lake. Baadaye, mwaka 1947, Waingereza wakaja na matrekta kulima karanga Kongwa, Nachingwea na hapo hapo Urambo. Wakang'oa misitu, wakamwaga mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Karanga zikagoma. Ikaja tumbaku, ambayo mpaka leo ndiyo inayomlipia mkulima karo, lakini nayo majani yake hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni zinatoka msitu ule ule.

Unaona mtiririko huo? Zamani ziliondoka pembe za ndovu kwa mabega ya wapagazi, siku hizi zinaondoka tumbaku, mbao na asali kwa treni na malori. Kila kitu kinaondoka Urambo kikiwa kibichi, na hela nono inatengenezwa mbele ya safari. Kijana wa pale anabakia kupakia lori. Akichoka kupakia anapanda lori hilo hilo kuja Dar kuuza maji ya kwenye chupa. Ndiyo maana nimesema, magogo waachie vigogo. Wao wana mitaji, wana vibali, wana malori. Wewe okota vipande.

Pita kwenye karakana yoyote ya seremala mkoani Tabora uone. Pale ndipo nyumbani kwa mninga, mti ambao kila mama mwenye nyumba anautaka kwenye kitanda na kabati. Mninga una sifa moja ambayo fundi anaipenda kuliko uzuri wake: ukishakauka hautikisiki. Hausinyai ovyo, haupindi, hautaki ugomvi na patasi. Fundi akimaliza kitanda, sakafuni kunabaki vipande vya urefu wa kiganja. Havitoshi mguu wa stuli, havitoshi hata mpini wa mwiko. Lakini kalamu nzima haizidi sentimita 14, na unene wake ni kama kidole. Kile ambacho kwa seremala ni takataka, kwako wewe ni gogo zima!

Haya, fundo linaingiaje ndani? Hapa tulia kidogo, maana watu wengi hudhani ni uchawi.

Chukua muhogo, ukate mshazari. Ile sura ya ndani uliyoikata si duara, ni yai. Sasa fikiria umebandika karatasi nyeusi kwenye mkato huo, ukaurudisha muhogo kama ulivyokuwa. Kwa nje utaona mstari mweusi unaouzunguka muhogo ukipanda na kushuka. Hiyo ni pete moja. Ukikata tena mshazari kutoka upande wa pili, pete ya pili inapishana na ya kwanza. Ukikata pande zote nne, pete nne zinakumbatiana na kupishana kama nywele zilizosukwa. Siri nzima ndiyo hiyo. Fundo halichorwi wala halifungwi. Linajifunga lenyewe mti wa mraba ukikerezwa kuwa mviringo.

Kwa mbao kazi inakwenda hivi. Unaandaa kipande cha mraba, upana kama sentimita mbili. Unapiga alama ya katikati kwenye nyuso zote nne. Unakata kwa msumeno mwembamba kwa nyuzi 45, lakini usikate mpaka mwisho, acha ngozi ndogo ya mti ishikilie ili pande mbili zisihame. Kwenye mkato unapachika ubao mwembamba wa rangi nyingine kwa gundi, unabana na jiliwa, unaacha mpaka kesho. Kesho unapunguza kilichozidi, unageuza uso wa pili, unakata tena. Mara nne, siku nne.

Ubao unaopachika lazima uwe na unene ule ule ambao msumeno umekula. Msumeno ukila milimita mbili nawe ukapachika ya milimita moja, pande mbili zinasogea, na ukija kukereza pete hazikutani. Fundo linakuwa kama mtu aliyefunga vifungo vya shati akaruka kimoja. Mnunuzi hatajua kosa liko wapi, lakini jicho lake litakataa. Kwa hiyo pima kabla hujapaka gundi. Na usifanye kimoja kimoja, piga kumi kwa mpigo, kwa sababu gundi ya kumi inakauka kwa usiku ule ule mmoja.

Ukimaliza mikato minne, unatoboa tundu katikati. Tundu refu katika mti mwembamba hupenda kupinda, ndiyo maana mafundi wengi hugawa kalamu vipande viwili vifupi na kuviunganisha kwa pete ya shaba. Ndani ya kila kipande unagundisha kibomba cha shaba ambacho wanaotumia vyuma vya kawaida hukitobolea tundu la milimita saba. Halafu unapanda kwenye mashine ya kukereza. Hapo ndipo raha ilipo, ndugu yangu! Kipande kinaingia kikiwa na mabaka ya ajabu ajabu, vumbi linaruka, kona zinaisha, na fundo linajitokeza taratibu mbele ya macho yako.

Rangi sasa. Kwenye mninga mwekundu, mstari mweusi wa mpingo ndio kiboko. Mpingo ni mzito mpaka ukiutia kwenye maji unazama, na huko Ulaya ndio unaotengenezewa zumari zao za klarineti. Lakini una vituko vyake. Ukikaushwa haraka unapasuka, hivyo miisho yake hupakwa nta ili ukauke polepole. Una mafuta yanayokataa gundi, kwa hiyo ufute kwa spiriti kabla ya kupachika. Na vumbi lake jeusi huingia kwenye mti mweupe ulio jirani ukaonekana mchafu, basi piga msasa huku unapuliza. Kitu kingine: vaa barakoa. Vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na kubana kifua. Usijekumaliza faida hospitali.

Ukitaka nyeupe, kuna mfupa wa ng'ombe, bure kabisa buchani. Uchemshe, uoshe kwa sabuni mafuta yatoke, uanike. Unafaa sana kwa pete ya katikati na vidoti. Mafundi wa pwani walipamba viti vya enzi vya Lamu kwa pembe na mifupa, kazi ambayo leo inakaa kwenye majumba ya makumbusho. Pembe za ndovu sahau kabisa, hiyo ni safari ya jela. Mfupa wa ng'ombe unang'aa vizuri tu na polisi hakuulizi.

Halafu kuna shaba, na hapa Wanyamwezi wana haki ya kutembea kifua mbele. Enzi za misafara, nyaya nene za shaba zilizoitwa masango zilikuwa fedha kabisa. Zilitoka pwani pamoja na shanga na merikani. Mafundi wa bara walizivuta mpaka zikawa nyembamba kama uzi, wakazisokota kuwa vikuku na mapambo ya miguuni. Jirani zetu Wakamba wa Kenya nao wanasifika kwa vigoda vya miguu mitatu vilivyozamishwa nyaya za shaba kwenye kikalio, mistari na miduara ya kupendeza. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuzamisha nakshi ndani ya mti ni mambo ya Wazungu. Siku hizi masango yako kwenye mabaki ya nyaya za umeme. Chubua plastiki, chora mfereji mwembamba, gonga waya uingie, piga tupa. Basi!

Na fundo lenyewe halina mwenyewe. Waethiopia wanalo kwenye misalaba yao, Wakuba wa Kongo wanalo kwenye vitambaa vyao vya ukili, watawa wa Ireland walilichora kwenye vitabu miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Sisi tunalikalia kila siku kwenye mkeka, na dada zetu wanatembea nalo kichwani.

Mwisho wa kazi ni kung'arisha. Wengine hupaka vanishi, wengine supa gluu. Lakini kwa mtu wa Tabora kwenda dukani kununua kimiminika cha nje ni kama mvuvi wa Kigoma kununua dagaa wa kopo. Mkoa mzima ni wa nyuki, chuo cha ufugaji nyuki kipo hapo hapo Tabora mjini, na nta ipo. Yeyusha, paka kidogo, sugua kwa kitambaa wakati kalamu inazunguka. Nta haina ugumu wa vanishi, utairudia baada ya muda, lakini mkononi inateleza vizuri na inanukia nyumbani.

Haya, tuje kwenye kile kilichokufanya usome mpaka hapa. Mshiko.

Fundi kijana akimaliza kalamu ya kwanza, mshikaji wake kijiweni anamwambia, "Peni tu hii, nipe kwa buku mbili." Ukikubali hapo, umekwisha. Namba nitakazotaja ni za mfano tu, wewe utaweka za kwako. Tuseme umetengeneza kalamu kumi. Vyuma na mirija ya wino sh. 40,000. Gundi, msasa, spiriti na nta sh. 10,000. Kukodi mashine ya kukereza siku mbili sh. 20,000. Vipande vya mbao sh. 5,000. Jumla 75,000. Ukiuza kalamu zote kumi kwa sh. 8,000 kila moja unapata 80,000. Unachekelea faida ya elfu tano! Kumbe umefanya kazi siku nne bure, na ungepakia lori la tumbaku ungerudi na hela ya unga.

Sasa jiweke na wewe kwenye hesabu. Siku nne za kazi, tuseme 15,000 kwa siku, ni 60,000. Jumla inakuwa 135,000. Halafu kubali kwamba kati ya kumi, mbili zitapasuka au fundo litakataa. Gawa kwa nane: karibu sh. 17,000 kila moja. Basi ukiuza 20,000 umelipa mbao, umejilipa wewe, na kwenye nane zote unabaki na 25,000 ya kununulia vyuma vingine. Chini ya hapo unamfanyia mnunuzi hisani, na hisani haizai mtaji. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema walikuwa hawajafungua biashara. Chema kikikaa ndani ya sanduku hakijiuzi, nacho kinatakiwa kitembezwe.

Kitembezwe wapi? Si kwenye foleni ya wanafunzi wanaotafuta peni ya mtihani. Hao waache na plastiki yao, wanafanya vizuri tu. Wewe tafuta mtu anayenunua zawadi. Mahafali, mstaafu anayeagwa ofisini, bwana na bibi harusi wanaotaka kalamu mbili zenye majina yao. Tabora ni mji wa shule jamani! Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys tangu 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's hapo hapo mjini. Mtu aliyepita shule za Tabora, leo ni bosi mahali fulani, hatashindwa kununua kalamu ya mninga wa Tabora kwa ajili ya kumbukumbu. Kuna maonyesho ya Nanenane viwanja vya Ipuli. Kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kagonge hodi uulize habari za mafunzo na maonyesho. Na simu yako usiitumie kwa umbea tu, piga picha kalamu kwenye mwanga wa asubuhi, tuma.

Kuna na wageni wanaokwenda Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Hao wana hadithi yao ya kalamu, na wengi hawaijui. Mwaka 1871 huko Nyangwe, Kongo, mzee yule aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la zamani la London, akageuza upande, akawa anaandika juu ya maandishi yaliyochapwa kwa wino alioukamua kwenye matunda ya porini. Kisha akaja Ujiji, akakutwa na Stanley, wakazungukia kusini mpaka Kwihara. Mpe mgeni kalamu ya mninga mkononi ukimsimulia habari hiyo, uone kama atauliza bei mara mbili.

Ila naomba vitu viwili usivifanyie mchezo.

Kwanza, iandike. Kalamu nzuri isiyoandika ni kijiti. Tumia mrija wa wino unaopatikana kwenye maduka ya kawaida, ili mteja ukimwishia abadilishe mwenyewe. Jaribu kila moja kwenye karatasi kabla haijatoka benchi.

Pili, sheria. Kipande kidogo hakikupi ruhusa ya kuiba mti. Nunua mabaki kwa fundi au kiwanda kinachotumia magogo yaliyogongwa nyundo ya TFS, na dai risiti. Ukitaka kutuma nje ya nchi, kaulize kwanza ofisi za TFS: mpingo umo kwenye orodha ya mkataba wa CITES tangu 2017, na mininga ya Afrika iliongezwa kwenye mkutano wa Panama wa mwaka 2022. Usingoje kufundishwa hayo uwanja wa ndege.

Sikuahidi utajiri, msomaji wangu. Kalamu nane kwa wiki haziwezi kujenga ghorofa. Lakini mninga mmoja unachukua miaka mingi kuliko umri wangu na wako kufikia kukatwa. Ukishakatwa, angalau sehemu yake ndogo ibaki Urambo ikiwa na mkono wa kijana wa Urambo ndani yake, na hela yake iingie mfukoni mwake. Fundo hilo likishaingia, hakuna dalali wa kulifungua.

Haya, nakuacha. Wiki ijayo tutaongea habari ya wale wanaoazima nguo za kwenda kwenye harusi halafu wanamkwepa mwenye nguo ukumbini. Wewe unajijua! Mpaka hapo, chapa kazi, na ile peni ya karani kairudishe.